Baiskeli Isiyo na Keria

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai umekaa, ingawa najua hukai. Unasoma barua umesimama, miwani ya kuchomelea umeipandisha kwenye paji la uso, na ndiyo maana nusu ya maswali yangu huwa hayapati majibu. Bibi naye mfikishie shikamoo yake. Magoti yanasemaje?

Mimi sijambo. Idara ya maji wamenihamishia mtaa wa kilimani, nyumba mia nne na ushee, na kila nyumba imeficha mita yake kivyake: nyuma ya banda la kuku, chini ya tangi, na mzee mmoja ameipandia maua juu kisha ananiambia kwa macho makavu kwamba hapo hapajawahi kuwa na mita. Nikaifukua mbele yake, nikaisoma, nikamsifia maua. Kwa kupanda na kushuka huko, miguu yangu sasa ni chuma kitupu.

Haya, shida yangu. Nimelimbikiza likizo, siku arobaini, na wamenikubalia zote kuanzia tarehe kumi na tano Juni. Nataka kusafiri kwa baiskeli, na baiskeli yenyewe nataka itoke mikononi mwako. Nimesoma, nimeuliza, nimetazama picha mpaka macho yakauma, na nimebakiwa na aina mbili. Moja ni ile ya safari ndefu unayoijua: fremu ndefu, keria mbele na nyuma, mikoba inaning'inia pembeni, unabeba nyumba nzima ukipenda. Nyingine haina keria hata moja. Mikoba yake ni midogo, inafungwa kwenye fremu yenyewe, chini ya siti na mbele ya usukani. Tairi ni nene, na inapita hata pale ambapo njia imeisha.

Ipi inanifaa? Na tafadhali, usinijibu kwa neno moja.

Ni mimi binti yenu,
Mita


17 Februari

Mita, mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma nimesimama, na bado nimesimama. Bibi yako anasema magoti hayana habari mpya. Jana alinifunga karata mara tatu mfululizo, na leo ananipitia mlangoni kwa maringo, basi ujue ni mzima.

Umesema nisikujibu kwa neno moja. Haya, nakupa mawili: ya keria.

Sasa sababu, maana najua utaziomba. Mzigo ukiwa kwenye keria unakaa chini na unatulia, hauyumbi nawe. Fremu ikiwa ndefu, kisigino hakigongi mkoba. Unabeba sufuria, nguo kavu, tairi la akiba, na ukifika jioni unakaa kama binadamu. Keria ikivunjika, fundi yeyote mwenye moto anaiunga. Hivyo vimikoba vya kufunga kwa mikanda, mkanda ukikatika porini utafunga kwa nini, kwa nywele zako? Baiskeli hizo ni za watu wanaotoka Jumamosi na kurudi Jumapili wakaoga. Wapo waliowahi kuniletea hadithi hizo humu karakanani. Hawapo tena.

Hujaniambia unakwenda wapi wala njia ikoje. Lami au mawe? Niambie. Na unipimie mguu. Usiniletee sentimita za kwenye simu. Karakana hii inapima kwa shibiri tangu kabla hujazaliwa, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika.

Fremu nikishaichomelea siifungui. Sema kweli tangu sasa.

Shangazi yako


1 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena. Mpe Bibi hongera za karata, na wewe nakupa pole.

Nimepima. Nimesimama ukutani bila viatu, nimebana daftari la mita katikati ya mapaja kama mlivyokuwa mkiwafanyia wateja, nikapima kutoka chini hadi juu: shibiri nne na vidole viwili. Nimerudia mara tatu.

Njia ni hivi. Kutoka hapa kuna lami kilomita mia mbili na kumi. Ikiisha lami, kuna mawe kilomita tisini, mito miwili isiyo na daraja, na mwinuko mmoja mrefu ambao malori ya magogo yameuchimba mpaka umekuwa mfereji. Sasa niambie, keria yako itafika? Mimi naona itafika vipande, na mimi nitakuwa nyuma naokota. Ndiyo maana moyo wangu uko kwenye ile ya mikoba.

Kuhusu ninakokwenda, ni mapumziko tu. Napenda milima.

Nasubiri.

Mita


12 Aprili

Mita,

Marahaba. Najua umengoja wiki sita. Nilikuwa na kazi.

Bibi hajambo. Paa la stoo limevuja, nimeliziba. Jirani fundi viatu amehama, na chumba chake wamefungua saluni. Siku nzima mashine zao za kukaushia nywele zinanipigia kelele, nami nawapigia nyundo. Tumeelewana.

Unapenda milima tangu lini? Ulipokuwa na miaka kumi ulipandishwa kilima cha nyuma ya shule ukalia mpaka ukabebwa mgongoni. Na unadhani sijui malori ya magogo yanatoka wapi? Mwisho wa njia hiyo kuna kiwanda cha mbao kimoja tu, na ndani yake yuko mtu mmoja tu unayemjua. Unakwenda kwa baba yako.

Sikukatazi. Ni baba yako. Lakini mapumziko usiniambie.

Ushauri wangu: panda basi hadi lami inapoishia, kisha omba lifti ya lori. Kama baiskeli ni lazima, basi ni ya keria, nitaiongezea unene wa tairi na kuikaza keria kwa bomba la pili, ifike nzima. Nyingine sitengenezi. Na kama kuna salamu unangoja nikutume kwa mdogo wangu, usingoje. Miaka sita bila kusemeshana ni mingi, midomo imeshazoea.

Shangazi


24 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Naomba hii uisome umekaa. Kweli kabisa.

Umenikamata, basi nasema. Mama alipofariki nilikuwa na miaka mitano, mkanilea wawili. Baba alinifundisha kukaza spoku, wewe ukanifundisha kutoziamini spoku alizokaza Baba. Chumba changu kilikuwa nyuma ya ukuta wa karakana, na usingizi wangu wote nimeulala kwa sauti zenu mkibishana na kucheka. Nilipokuja kuanza kazi huku niliwaacha wawili. Mwaka uliofuata nikarudi likizo nikamkuta mmoja, na aproni ya mwingine iko kwenye msumari. Nataka arudi. Hilo tu ndilo ninalolitafuta, na naamini naliweza.

Utaniuliza kwa nini nisiende na lori. Nikifika na lori atanipa chai, ataniuliza kazi, na kesho yake atanipakia kwenye lori hilohilo. Unamjua. Barua zangu anazijibu kwa mistari mitatu: mzima, kazi ipo, jitunze. Lakini hakuna siku baba yangu amepita mbele ya fremu bila kuinama kuangalia kona zilivyochomelewa. Mkono wako ataujua kabla hajanisalimia. Nikifika na keria, atajua dada yake amesimama palepale alipomwacha. Nikifika na ile nyingine, atajua kitu kingine.

Kwa hiyo swali langu la Februari halikuwa la mizigo, Shangazi, na nakuomba radhi kwa kulificha. Sikuombi umwandikie. Nakuomba uchomelee.

Na jambo la mwisho. Niliambiwa mligombana juu ya keria, yeye akitaka kuziacha, wewe ukikataa. Mimi ni mtu mzima sasa. Hakuna mtu anayeacha mama yake, dada yake na kazi ya maisha yake kwa sababu ya keria. Kulitokea nini?

Mita


3 Juni

Mita,

Hiyo hapo, imefungwa kwenye makaratasi. Haina keria. Nimeificha mikoba ndani ya boksi la tairi. Nimeishona mwenyewe kwa turubai.

Usiikate, usiishushe, wala asiiguse fundi mwingine. Swali lako nimelisoma.

Bibi anakusalimu.

Shangazi


8 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Imefika salama, nimeifungua sebuleni, na nimekaa sakafuni kuitazama mpaka chai ikapoa. Kona zake ni laini kana kwamba chuma kilimwagwa tu kikatulia. Rangi ile ya kijani sijawahi kukuona ukiitumia. Nilijua utaweza, ila sikujua utapendezesha namna hii.

Kisha nikaipanda.

Shangazi, hii baiskeli ni ya twiga! Nikisimama juu yake vidole vya miguu vinatafuta sakafu na sakafu haipatikani. Nilipojaribu uani nilizunguka mara moja, nikashindwa kushuka, ikabidi niuparamie ukuta wa jirani na kuushika kama mwizi. Jirani mwenyewe alikuwa anaanika nguo. Akaniuliza, "Umekuja kusoma mita?"

Siti nimeishusha mpaka mwisho. Haitoshi. Nimepima tena mguu: shibiri nne na vidole viwili, vilevile nilivyokuandikia. Ndipo nikautazama mkono wangu, nikaukumbuka wako, wa kushika nyundo tangu usichana. Mimi nimepima kwa shibiri yangu, wewe umekata bomba kwa shibiri yako! Wateja walikuwa wakipimwa na fundi mwenyewe. Mimi hapa nimejipima mwenyewe, na hakuna kati yetu aliyefikiria.

Likizo inaanza baada ya wiki moja. Fremu hufungui, umesema, na kuikata umenikataza. Sasa nifanyeje? Mjibu binti yako haraka, tafadhali, jibu umpe dereva wa basi la asubuhi.

Mita


12 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Leo nimekaa.

Ni kweli, nilikata kwa mkono wangu. Namba ilinishangaza kidogo. Nikasema labda kutembea kumemrefusha. Ndivyo ujinga unavyokuja, umevaa nguo za kazi. Sikugundua mpaka nilipoitoa fremu kwenye kiunzi na kuiegemeza ukutani. Bibi yako alikuwa amekuja kuniita tukacheze karata. Akasimama mlangoni, akaitazama kwa muda mrefu, akaniambia, "Umemtengenezea mwanangu." Akarudi ndani. Karata hazikuchezwa siku hiyo.

Nikaipima kwa shibiri. Ni mguu wa baba yako, Bibi hakukosea hata kidole kimoja. Bomba nyingine nilikuwa nazo, na siku za kutengeneza ndogo zilikuwepo. Nikaenda kununua rangi.

Umeniuliza kulitokea nini. Fremu ile ya kwanza isiyo na keria baba yako aliitengeneza peke yake, miezi minne, baada ya kazi za watu. Mteja akaja kuichukua, baba yako ametoka kwenda kununua cheni. Mteja akaniuliza mizigo atafunga wapi. Ningemwambia asubiri mwenyewe arudi. Badala yake niliwasha moto, nikaipachika keria palepale, mbele ya watu, ili waone nani anajua. Bomba zake zilikuwa nyembamba, hazikujengwa kwa moto wangu. Zikapasuka. Baba yako akaingia akakuta fremu imefunguka kama ganda la karanga na mimi nimeshika tochi ya kuchomelea, nikamwambia, "Unaona? Nilikwambia hazifai."

Nilijua hapohapo kwamba kosa ni langu. Zilifaa. Mimi ndiye niliyezipasua. Yeye akavua aproni, akaitundika kwenye msumari. Watu wakasema ni mambo ya keria nikawaacha waseme, maana keria ilikuwa nafuu kuliko ukweli.

Sasa unajua, na wewe ni wa kwanza. Baiskeli utaifanyia utakavyoona. Ila usimwambie kitu chochote nilichoandika hapa.

Naona aibu, Mita. Ndiyo hivyo.

Shangazi yako


4 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye meza ya Baba, ambayo ni mlango wa zamani umelazwa juu ya magogo mawili. Vumbi la mbao limejaa mpaka kwenye wino. Tuko wazima wote, mimi na yeye.

Barua yako niliipata asubuhi ya safari. Nikaisoma mara mbili, nikafunga mikoba yako kwenye fremu, nikapanda basi, baiskeli juu ya paa. Lami ilipoishia nikashuka nikaanza kuisukuma. Kilomita tisini, siku nne. Kwa msoma mita hiyo si kazi, ni mtaa mrefu tu. Mto wa kwanza nilivuka maji yakiwa magotini. Wa pili nilijitwisha baiskeli begani, na hapo nikashukuru kwamba haina keria. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya tatu lori lilisimama. Dereva akatoa kichwa dirishani akanicheka. "Dada, mbona unaitembeza? Ipande!"

Nikamwambia, "Si yangu. Nampelekea mwenyewe." Nilikuwa sijawahi kulisema kwa sauti, na niliposema nikaona safari yote imekaa sawa. Akataka kunipa lifti, nikakataa.

Baba alikuwa kwenye msumeno mkubwa, ana mvi ambazo hukuziona. Kama nilivyosema: aliiona baiskeli kabla hajaniona mimi. Alizima mashine, akaja, akainama. Akapitisha kidole gumba kwenye kona moja baada ya nyingine, zote, hadi za chini kabisa. Ndipo akaniambia, "Karibu mwanangu," na kabla sijamwamkia akauliza, "Dada kachomelea hii?"

"Ndiyo."

"Bila keria."

"Bila keria, Baba."

Akaipanda. Hakuishusha siti wala kuipandisha. Mguu wake ulikanyaga chini bapa, akautazama, akanitazama mimi na urefu wangu, akaelewa. Akaondoka kupitia geti la magogo, na nilingoja saa nzima. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi. Nikamwambia ndiyo, ni vumbi.

Ulinikataza nisimwambie kitu, Shangazi. Nimemwambia kila kitu. Barua yako nimempa mkononi akaisoma mwenyewe. Ukitaka kunigombeza nigombeze, sijutii. Siku mbili alikuwa anapasua mbao kama ana ugomvi nazo. Siku ya tatu alikwenda ofisini kwa msimamizi akarudisha glavu, akaniambia nikuandikie wewe barua ya kumtangulia.

Nikamwambia sitaki. Posta ingeifikisha kabla yake, nawe ungepata siku za kujiandaa, ukavaa uso wako ule wa wateja. Hii naiandika na kumpa yeye aje nayo kwa baiskeli. Mimi kesho narudi kwangu na lori, kisha likizo iliyobaki nitakuja kuimalizia kwenu.

Kwa hiyo aliyekukabidhi bahasha hii ndiye huyo hapo mlangoni, na namjua, atakuambia amepita tu kuomba mafuta ya cheni. Usimjibu habari za cheni. Neno la siku ile ulilisema wewe, mbele ya watu, na wa kulifuta ni wewe. Kama kuna wateja humo ndani, afadhali zaidi. Weka barua chini, Shangazi, umwambie zilifaa.

Mita